Maji Kwanza

Mikononi mwangu wamepita biharusi mia na kidogo.
Nawajua kwa migongo kuliko kwa nyuso:
yupi mwili wake una joto, yupi hukauka kama ukindu,
yupi singo ikimgusa tu hutoka vipele.
Nyumba yangu ipo Kibokoni, ghorofa ya kwanza,
ukipanda ngazi pua hukwambia umefika:
liwa, asumini, na tui linalochemka
mpaka lijitenge, mafuta juu, mashapo chini.

Akaletwa Zamzam, siku arobaini kabla ya nikahi,
kajitanda mtandio mpaka machoni.
Alipoufunua nikanyamaza.
Mashavu yamechubuka, mekundu kama papai lililopasuka,
na juu ya mifupa ya mashavu, weusi wa masizi.
Mkorogo. Kopo lisilo jina, la uchochoroni.
Wiki sita za weupe, kisha haya.

Nikaishika chupa ya nazi, ndiyo dawa niijuayo.
Thureya, mtoto wa kaka yangu, mfamasia wa Makadara,
akanizuia mkono:
"Shangazi, nazi mgongoni ni mfalme.
Usoni mwa mwenye chunusi ni kifuniko cha sufuria."
Nami: "Na hizo chupa zako za matone,
ndogo kama za manukato, bei kama kiwanja,
zimemlea nani?"
Tukanuniana mpaka alasiri.

Chai ya tangawizi ndiyo iliyotupatanisha.
Ilimwagika; akachovya kidole, akachora mezani:
ngozi ni ukuta, kama huu wako,
mawe, na kati ya mawe chokaa.
Mkorogo umekula chokaa.
Maji yanatoka, vumbi linaingia,
na nikimleta fundi wangu mkali leo
atabomoa hata kilichobaki.
"Basi tuzibe nyufa kwanza," nikasema.
"Hilo ndilo nililokuwa nikisema tangu asubuhi," akasema.
Uongo, lakini nikamwachia.

Uso ungali na majimaji, yeye akatia niasinamidi,
nyepesi kama maji ya mchele.
Maji kwanza, mafuta baadaye;
ukigeuza, dawa itabisha nje na hapana wa kuifungulia.
Kisha zamu yangu: ufuta uliokamuliwa bila moto,
matone matatu, niliyoyapasha viganjani.
Sikusugua. Nilibonyeza,
kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto.
Mafuta hayaingii ndani sana, alinieleza,
hukaa mlangoni, yakazuia kilichomo kisitoroke.
Nilijua hayo. Sikujua kwamba nilijua.

Yeye alihesabu siku kwenye daftari.
Mimi nilihesabu kwa kidole gumba.
Siku ya kumi na tisa shavu lilinijibu,
halikunata wala halikukwaruza,
nikamwambia: mlete fundi wako mkali.
Akaangalia daftari, akakuna kichwa, akaleta.
Retinoli, punje ya mbaazi, usiku tu, mara mbili kwa wiki,
na ufuta juu yake ili isiume.
Mchana kinga ya jua, hata chini ya ushungi,
kwani jua la Mombasa halina adabu.

Siku ya thelathini mama mtu akauliza,
"Atakuwa mweupe lini?"
Nikamwambia, bibi wee,
huyo mweupe unayemtaka
sijapata kumuona ukoo wenu mzima.

Masizi hayakufutika yote. Siku arobaini si miujiza.
Lakini alipokaa kwenye kiti cha biharusi
rangi yake ilikuwa imerudi nyumbani,
mdalasini mbichi, na shavu moja na kivuli chake.

Usiku wa kuamkia nikahi
Thureya aliichukua ile chupa kwa Zamzam:
"Mimba haibishi hodi. Hii basi."
Akaiacha rafuni kwangu, kati ya marashi na udi.

Juzi kaja, kaiinua kwenye mwanga.
"Shangazi, mbona imeshuka?"
Nina baka hapa, chini ya jicho la kushoto,
la kopo nililolinunua nikiwa na miaka ishirini,
ambalo sijamwambia mtu.
"Joto," nikasema. "Imekauka."
Akanitazama uso, taratibu, kama mwenye kusoma.
"Umetia ufuta juu yake?"
"Matatu," nikasema. "Matone matatu."