Hatua Kumi na Moja

Asubuhi ya kwanza nilihesabu hatua.
Sikumwambia mtu. Nilikaa dirishani pa kibanda cha hesabu,
kahawa ikinipolea mkononi,
nikamtazama Uku akibeba ubao mmoja wa msonobari
kutoka kwenye meno ya msumeno hadi ukutani,
kutoka ukutani hadi uani,
kutoka uani hadi chini ya paa la mabati,
kisha akarudi nao, maana pale palikuwa pamejaa.
Ubao ule uliinuliwa mara saba kabla ya kuonja lori.
Nusu ya mshahara wa Uku tulikuwa tukiulipa mwendo.

Nikamwambia baba. Heldur, mwenye kiwanda,
mtu wa Võrumaa, mbahili wa maneno kama wa misumari,
akanijibu: "Mbao hazijalalamika."

Na daftari la ghala?
Daftari lilikuwa kichwani mwake.
Ukiuliza mwaloni wa milimita hamsini:
"Nyuma ya tanuri, safu ya tatu, ondoa kwanza ngazi."
Ukiuliza mbetula, ule wa gome jeupe:
"Aliuchukua Vambola msimu wa matope. Hajalipa."
Miaka thelathini na minne hakukosea hata ufito.

Kisha akaanza kukosea.

Si kwa kishindo. Kama maji yaingiavyo kwenye gogo,
kupitia nchani, kimyakimya.
Alimuuzia seremala wa Antsla mbao zilizokwisha kuuzwa.
Alitutuma kwenye theluji ya magotini tukatafute rundo
tulilolichoma wenyewe mwaka ule wa ukungu wa buluu.
Siku moja alisimama katikati ya uwanja, mkono hewani,
kidole kikitafuta pa kuelekea.
Uku akaziangalia buti zake.

Basi nikanunua rangi.

Nyekundu kwa msonobari, manjano kwa mbetula,
kijani kwa mwaloni, ncha zote zitazame njia.
Tarehe kwa chaki, tarehe ya kupasuliwa.
Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka,
maana kwetu cha kwanza kililala chini kabisa,
kikiwabeba wadogo zake mpaka kikaoza.
Fito kati ya ubao na ubao, zisimame mstari mmoja, upepo upite.
Na njia ya folklifti, mita nne, pasiwekwe kitu
hata kwa "dakika moja tu".
Naijua dakika hiyo.
Niliikuta nyuma ya tanuri, ina miaka tisa, imeota uyoga.

Meza ya kupangia tuliisukuma hadi mdomoni mwa msumeno.
Sasa ubao unainuliwa mara tatu.
Uku amenenepa; mkewe ananilaumu mimi.

Baba alipita mbele ya rangi zangu wiki nzima
kama mtu apitaye mbele ya mdeni wake.
Hadi Februari, mteja akaja akitaka mwaloni,
na kidole kile kikaanza tena kupapasa hewa.
Akainua macho. Akaona kijani. Akaenda moja kwa moja.
Aliporudi akanipita karibu, bega kwa bega:
"Nilikuwa najua."
"Ulikuwa unajua," nikasema.

Imebaki kona moja.
Mbao sita pana, chini ya turubai, mlango wa mashariki,
pale pale njia inapotaka kunyooka.
Nilimuuliza ni za nani.
Alifikiri sana, kiganja juu ya turubai
kama juu ya mgongo wa ng'ombe mwenye mimba.
"Za mtu," akasema. "Atakuja."

Nimeandika daftarini: Mwaloni. Sita.
Mwenyewe: atakuja. Mahali: palepale.

Toroli ikifika hapo inapinda,
inazunguka turubai, inarudi njiani.
Ni hatua kumi na moja za ziada.
Nimezihesabu mara mbili.