Hakina Kamba

Miaka kumi na tisa, gati la mafuta, Kurasini,
nimeshika kamba ya mzamiaji.
Mvuto mmoja: niko salama.
Miwili: nilegezee.
Minne: nitoe, Chande, nitoe!
Kiganja changu kinajua kusoma.

Leo wameniletea hiki cha manjano,
kirefu kama jeneza la mtoto.
Hakina kamba.
"Kiachie tu," kasema injinia Nasra, "kinajua njia."
Nikakiachia. Maji ya matope
yakakifunika bila kuniuliza.

Kwenye skrini, nukta.
Kisha hakuna nukta.
Nasra anatafuna muhogo.
Mkono wangu umejikunja wenyewe,
umeshika hewa, unasubiri mvuto.

Kikachelewa dakika sita,
kikaibukia upande wa Magogoni, nisikotazama,
na picha za bomba lote, hadi ule ufa
ambao Pazi aliupapasa mwaka jana, akasema upo,
tukamwambia ni giza.

Fomu inauliza: Unakiamini chombo? Ndiyo. Hapana.
Kwanza nimekisuuza kwa maji baridi,
nikakifuta pua.
Kisha nikaandika pembeni, nje ya visanduku:
kifungwe kamba, hata ya uongo,
nipate cha kushika.