Mshenga Haoi

Kwenye kidari cha Shimobashira, mbavu zinapokutana,
daktari Kurosu alipitisha sindano ndefu
akavuta uboho: vijiko viwili, vyekundu, vizito kama rojo.
Nje, theluji ya Hidaka ilifika magotini.
Farasi alipepesa jicho tu.
Kano ya mguu wake wa kushoto ilikuwa imechanika kwa ndani,
nyuzi zimeachana kama kamba iliyotafunwa na panya.

Kazi yangu ilianzia chupani.
Seli za damu hazina makazi: zinaelea, naziosha, zinakwenda.
Chache mno, moja katika laki,
hutua chini zikaishika plastiki
kama msafiri aliyeuona mkeka.
Hizo ndizo.
Vitabuni ni seli shina za mesenkima;
mimi, saa kumi na moja alfajiri, naziita wanangu.
Nazilisha maji ya rangi ya waridi,
joto la mwili, hewa ya kupimwa,
moja inakuwa mbili, mbili nne,
hata wiki ya tatu, kwenye hadubini,
chupa nzima ni nyasi zilizolazwa na upepo.

Ukizipa dawa hii zinakuwa mfupa.
Ukizipa ile, mafuta. Nyingine, gegedu.
Mwalimu wangu wa kwanza alidhani hiyo ndiyo siri:
zitie kwenye kano, zitageuka kano,
fundi na tofali viwe kitu kimoja.
Nami niliamini, miaka sita.

Siku ya kumdunga
skrini ilionyesha shimo jeusi katikati ya kano,
na ncha ya sindano ikiingia humo, inametameta.
Milioni kumi. Hazikupiga kelele.

Machi, barafu ilipokatika mtoni,
Bi Tazuko Ebina, mwenye farasi, alikuja na boga chini ya kwapa.
"Shimo linajaa," alisema. "Ziko wapi sasa, nizishukuru?"
"Zimekufa."
"Lini?"
"Karibu zote, wiki ile ile."
Alinitazama kana kwamba nimemwibia.

Nikatafuta neno.
"Umewahi kuwa mshenga?"
"Mara tatu. Ndoa mbili zimedumu."
"Mshenga haoi."
Akaliweka boga chini.

Nikamwambia: zilifika penye ghasia.
Askari wa mwili walikuwa wamepandwa na hasira,
wanachoma hata pasipo na adui.
Zikawanong'oneza: basi, yametosha.
Zikawaita wenyeji, seli za kano zilizojikunyata pembezoni:
nyumba ni yenu, jengeni.
Zilituma vifurushi vidogo vya maneno,
vidogo hata hadubini yangu haivioni.
Nyingine, nasikia, humkuta jirani amezirai
zikammegea kinu chao cha nguvu.
Kisha zikaliwa.
Na yule aliyezila, kwa kushiba kwake, akawa mpole.

"Kwa hiyo nyama hii mpya ni ya nani?"
"Ya Shimobashira mwenyewe."

Daktari Kurosu, mtu wa kupima maneno,
alisema kano imepona vizuri, si kama ya mwanzo.
Labda pia ingepona bila sisi, kwa kovu gumu.
Hajui. Mbio, mwakani, pengine.
Bi Ebina hakumjibu.

Kesho yake alirudi na udi, kijiti kimoja.
Nilitaka kucheka. Maabara haina ruhusa ya moshi.
Tukatoka nyuma, kwenye mitungi ya gesi,
akakichomeka katika theluji iliyobaki, akainama,
nami nikainama,
kwa milioni kumi wasio na macho wala majina
niliowalisha kwa mkono huu.

Kijiti kilizimika nusu kwa upepo. Alikiacha hivyo hivyo.

Uwanjani Shimobashira alikuwa anatembezwa,
dakika ishirini, mwendo wa taratibu,
kushoto, kulia, kushoto.
Nikaingia ndani kubadilisha maji ya waridi
ya mwanafarasi asiye na jina bado,
namba tu, na mguu uliovimba.