Madhumuni ya Malipo

Saa mbili na nusu mlinzi anafungua mlango wa Kimathi,
ananipapasa kwapani, ananiruhusu.
Nina barua pepe iliyochapwa River Road kwa shilingi kumi,
nina kitambulisho, nina pini ya ushuru,
na elfu ishirini na tatu za chama cha Mama
zimekunjwa ndani ya soksi.

Naserian, kalamu sikioni:
Unatuma sarafu gani?
Zloti.
Anainua macho kama muuza duka
aliyeulizwa chumvi ya bluu.
Shilingi lazima igeuke dola kwanza,
dola ikishavuka ndiyo igeuke zloti,
na kila inapogeuka
inaacha manyoya.

Fomu ina vijumba, herufi moja kila kijumba.
Najaza: Halina, halafu jina la ukoo
lenye konsonanti tano bila irabu ya kupumulia.
Mji, Lublin.
Uhusiano wako na mpokeaji?
Sina. Ni mama mwenye nyumba wa kaka yangu.
Kwa hiyo mpokeaji ni kaka yako?
Hapana. Kaka yangu ndiye deni.

Kipengele cha kumi na nne: madhumuni ya malipo.
Ananisomea kutoka kwenye kompyuta:
karo, matibabu, bidhaa, huduma, zawadi, ardhi.
Namwambia Mwadime alikufa Machi.
Mwili ulirudi Aprili, kwa michango,
tukamzika Wundanyi, udongo ukituganda viatuni.
Limebaki sanduku lake.
Mama mwenye nyumba haliachilii
mpaka alipwe kodi ya mwezi ule
ambao marehemu alilala siku tisa.
Hilo linaandikwaje?

Naserian anatazama foleni nyuma yangu,
anairudia orodha, labda imeongezeka.
Tuseme huduma, anasema.
Tuseme.

Zloti mia sita na arobaini.
Siku tatu za kazi, na Jumamosi si kazi.

Wiki ya pili, barua kutoka Lublin:
zimefika mia tano tisini na saba.
Narudi Kimathi. Naserian anafuatisha kidole kwenye kioo:
hapa zilitoka kamili, pale zilifika pungufu,
katikati kuna benki. Jina halionekani,
ina herufi nane tu. Ndiyo iliyokata.
Kumbe hata wafu wana dalali.
Nikitaka kutuma hizo arobaini na tatu
ada yake inazidi arobaini na tatu.
Tunacheka, yeye kwanza,
kisha anajiziba mdomo.

Agosti, baridi haijatoka Nairobi,
sanduku linafika Posta.
Tunalikata kamba mezani, Jericho:
viatu vya kazi, kitabu cha nyimbo, chaja mbili,
picha yetu sote, ameipunguza iingie kwenye fremu,
sikio langu moja halipo.
Na karatasi, Kiswahili cha mashine:
*Mimi nimebaki birika la umeme kwa pesa iliyopungua.
Pole. Birika ni mzee.*

Birika lile nalijua.
Alinipigia simu usiku wake wa kwanza wa theluji.
Alikuwa amechemshia humo chai ya maziwa,
majani, sukari, tangawizi, vyote pamoja, kama nyumbani.
Ikafurika. Ikaungua. Bi Halina akagonga ukuta.
Nimesugua na chumvi, alisema, nimesugua na ndimu,
harufu haitoki,
sasa hata maji matupu yana ladha ya kwetu.

Mama ananiuliza karatasi inasemaje.
Namwambia.
Anakaa kimya, anafungua kamba za kiatu kimoja,
anazifunga tena.
Na kwenye fomu ya benki, uliandika pesa ni za nini?
Huduma.
Anatikisa kichwa, si kwa kukataa,
anauingiza mguu wake ndani ya kile kiatu
na kusimama nacho, nafasi tupu ikimpwaya kisiginoni.