Juma la Kumi na Moja

Miaka tisa muhtasari wangu ulilala
katika mtoto wa meza, chini ya chaki na risiti za umeme,
karatasi mbili zilizopigwa chapa na aliyenitangulia.
Jina lake nililikata kwa wino, langu nikalibandika juu.
Wanafunzi nikiwapimia somo kwa kibaba:
leo wastani, kesho mtawanyiko,
keshokutwa Mungu akipenda.

Na kila muhula, tukilikaribia juma la kumi na moja,
niliitazama saa ya ukutani, ile iliyosimama,
nikasema, "Muda umetubana, jamani.
Tuingie kwenye marudio."
Wakashukuru. Nami nikashukuru zaidi.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Mtungi mimi, kata mimi,
na maji hayakuwamo.

Ndipo Bwana Mbarouk, mkuu wa chuo, akaleta waraka:
kila kozi iwekwe mtandaoni, nzima,
toka lengo la kwanza hadi rejea ya mwisho,
kila mwenye simu aione.
Chumba cha walimu kikanung'unika, Wete yote ikasikia.
"Wakishaijua njia," alisema Faki wa historia,
"watatuhitaji kwa lipi?"
Nikamuunga mkono. Sababu yangu nilikuwa nayo tumboni.

Nikachapa usiku, umeme ukikatika na kurudi.
Juma la tisa.
Juma la kumi.
Kidole kikasita.
Ningeliruka, nani angejua?
Lakini kumi na mbili haiji baada ya kumi,
hata kwa mwalimu wa takwimu mwenye hofu.
Nikaandika: *Uwezekano wenye sharti.*
Nikabonyeza. Nikalala vibaya.

Siku ya tatu wakaniletea makosa yangu:
jaribio la kati nimelipanga siku ya Idi;
kitabu cha juma la sita maktaba hakuna,
na hicho kinachofanana nacho
kimeliwa na mchwa hadi ukurasa wa arubaini.
Nikarekebisha. Nikaandika, "Asanteni."
Neno hilo halikuwamo katika malengo ya kozi.

Kisha Salhiya wa Kangagani,
aliyekosa majuma mawili kwa msimu wa karafuu,
akaandika kutoka huko huko shamba:
"Mwalimu, nimeusoma wote.
La kumi na moja ndilo ninalolingojea.
Ikiwa wingu limekaa upande wa Mtambwe baada ya adhuhuri,
na majamvi yameshatandazwa,
mvua ina nafasi gani?
Mama huanua kila mara, mara nyingine bure,
na mgongo wake si wa kuanua bure."

Chini yake picha ya daftari, kalamu ya risasi:
wingu mara tisa, mvua mara nne,
na alama ya dole gumba lililotoka kuchambua makonyo.

Niliisoma nimesimama.
Ndiyo hiyo. Sharti ni wingu.
Miaka tisa nimeikimbia kitabuni,
kumbe imeanikwa uani kwa watu.

Nikamjibu: "Mada hii mimi mwenyewe siijui vizuri.
Njoo na daftari lako, ukae mbele,
tuanze na hizo siku tisa."
Nikalisoma mara mbili kabla ya kulituma,
nikalituma hivyo hivyo.

Jumatatu, nikielekea chuoni,
nilipita dukani nikanunua betri ya saa ya ukutani.