Bilauri ya Kemilembe

Juu ya paa letu kuna jiwe
kubwa kuliko nyumba, kubwa kuliko deni la nyumba.
Lilikaa hapa kabla Mabatini haijawa na jina,
limekalia mawe mengine mawili, madogo,
kama mgeni asemaye naondoka sasa hivi
na haondoki.

Tunaanika dagaa juu yake.
Watoto huteleza mgongoni mwake na madumu yaliyopasuliwa.
Baba alipojenga, ukuta wa nyuma hakuujenga:
jiwe lilikuwepo, akaokoa tofali mia mbili.
Tukamwita mjanja.

Kisha akaja mpangaji, Kemilembe,
kutoka Bukoba, na begi moja na bilauri moja.
Chumba akakipenda, kodi ya miezi mitatu akalipa,
akatazama juu, akanyamaza
kama mtu aliyekutana na mdai wake stendi.

Halali na mlango umefungwa.
Viatu huvivua mwisho, huvipanga vikitazama nje.
Bilauri huijaza maji hadi ukingoni,
huiweka juu ya redio.
Mama alidhani uchawi.

"Si uchawi. Ile alasiri ya Septemba
nilikuwa namenya ndizi. Kisu kikanitoka,
nikadhani ni kizunguzungu changu mwenyewe.
Nikainama kuokota kisu.
Nilipoinuka, jirani hakuwa na nyumba.
Maji ya ndooni yalijua kabla yangu.
Yalikuwa yakitetemeka, nikayaona,
sikuyauliza."

Mwaka ule ziwa lilipopanda
shangazi Nyamizi alitufikia kutoka Igombe
na godoro kichwani, lingali likidondosha maji.
Kiboko amelala uani kwangu, alisema,
palepale penye tuta langu la mchicha.
Akaliona jiwe.
"Mnalala chini ya hiki?"
Mama naye: "Nanyi mlilala kando ya kile?"
Wakacheka mpaka shangazi akalia,
au alilia mpaka mama akacheka,
sikumbuki kipi kilitangulia.

Watu wa Jiji wakaja na rangi nyekundu.
X mbili: moja mlangoni, moja kwenye jiwe,
kana kwamba jiwe nalo limepewa siku thelathini za kuhama.

Juzi, saa nane na dakika zake usiku,
Kemilembe hakupiga yowe.
Aligonga sufuria mara tatu, kama tulivyokubaliana.
Tukatoka: mama na karatasi ya mauziano kifuani,
Doto ndani ya kaptula ya Kulwa,
shangazi na godoro lake, wala hakuna aliyemcheka.
Mlima mzima ulikuwa nje,
tochi za simu zinapanda, zinashuka,
mtu anaita Sayi, Sayi,
na Sayi anaitika kutoka chooni kwamba anakuja.
Huko chini karabai za wavuvi wa dagaa
zilikuwa zimetulia majini,
hazina habari.

Baba akalipiga jiwe kofi
kama ng'ombe aliyegoma njiani.
Akasubiri.
Likatoa vumbi kidogo, basi.

Kulipokucha alipima kwa penseli yake ya useremala.
Kati ya jiwe na jiwe,
pale pa siku zote palipoingia kidole,
kiganja kikaingia.
Hakusema neno. Alivaa shati,
akashuka mjini kuulizia bei
ya tofali mia mbili.

Kabatini tuna bilauri sita za wageni,
zawadi ya harusi, hazijawahi kuguswa na mgeni.
Mama akazitoa zote. Akazijaza moja moja,
akagawa, kila mtu na yake kichwani pa kitanda,
na Kemilembe akapita nyuma yake akizisogeza
mbali na kingo.

Shangazi aliinywa ya kwake, yote, amesimama.
"Maji," alisema, akipangusa mdomo,
"mimi hayajawahi kunitahadharisha."