Nilihesabu Maboksi

Mwaka ule wa theluji nyingi, Buffalo,
kiwanda cha chuma kilipozima tanuri
na baba akarudi nyumbani na glavu zake mfukoni,
Duane Kowalczyk alifungua duka
palipokuwa pakitengenezwa soseji.

Alikuwa na meno mengi, yule mtu.
Alitokea kwenye televisheni saa tano usiku,
aproni ya muuza nyama kifuani, shoka mkononi,
akipiga kelele:

    Bei nimekata shingo,
    njoni muone maiti!

Nasi tukaja. Tulikuja na malipo ya kuachishwa kazi
yamekunjwa ndani ya soksi.
Redio, video, kamera,
spika zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza.
Bei ya kwake ilikuwa chini ya bei ya kiwandani,
na hatukuuliza maji yanapandaje mlima.

Mimi aliniajiri ghalani. Loretta Pruszynski,
karani wa mzigo, kalamu sikioni.
Siri ya kwanza niliiona wiki ya pili:
kodi ya serikali ikitoka kwenye mashine ya fedha,
ikipanda ngazi, ikiingia darini
juu ya choo cha wanaume.
Nikasema, si langu. Nikahesabu maboksi.

Maduka yakawa manne, yakawa kumi na moja.
Cheektowaga, Tonawanda, Lackawanna.
Kisha Duane akauza hisa,
na ghafla fedha za darini zikashuka,
zikarudi dukani zimevaa suti,
zikiitwa faida.
Bi Bernadine wa ghorofa ya chini
alitia pensheni yote ya marehemu mumewe.
Aliniuliza, wewe uko ndani, Loretta, pakoje?
Nikamwambia, pana joto.

Wakaguzi walikuja Januari, vijana wawili
wenye viatu vya ngozi laini na midomo ya buluu.
Mmoja aliogopa ngazi.
Nikapanda mimi. Nikatamka kutoka juu:
mia mbili na arobaini!
Naye akaandika mia mbili na arobaini,
akanishukuru, akapuliza vidole vyake.
Usiku lori lilihamisha maboksi yale yale
hadi ghala la pili, yahesabiwe tena asubuhi.
Na yalipopungua, Duane alituletea matofali
kutoka kiwanda kilichobomolewa.
Yalikuwa bado na masizi. Nilifunga kila moja kwa gazeti,
nikijiuliza ni lipi baba aliliegemea.

Hakuangushwa na polisi, wala mke, wala mhasibu.
Aliangushwa na upepo wa ziwani.
Lori lilipinduka kabla ya mapambazuko,
milango ikafunguka, maboksi yakatapakaa thelujini,
na watu wakatoka mbio na nguo za kulalia,
wakikumbatia televisheni mpya.
Mzee mmoja alifungua ya kwake pale pale.
Akanyamaza. Kisha akacheka,
akacheka mpaka ikambidi aketi juu yake.

Kufika Ijumaa, hisa moja haikununua kikombe cha kahawa.
Duane alikamatwa hotelini Tampa, bila aproni.
Mahakamani niliulizwa, ulihesabu maboksi mangapi?
Yote.
Na yaliyokuwapo yalikuwa mangapi?
Mpiga chapa wa mahakama alisubiri, vidole hewani.

Bi Bernadine hanisalimii. Huuacha mlango wa nje
ujifunge mbele yangu, polepole.

Televisheni niliyonunua kwake, nusu bei,
bado inafanya kazi. Rangi tu imeharibika:
siku ya hukumu ilimwonyesha kijani mwili mzima,
na mimi nyuma yake, katika koti la kuazima,
kijani vilevile.